Karakana ya Aulikki

Hakuna mtu katika jengo lile la mjini Jyväskylä aliyemwambia Aulikki kwamba ana wazimu. Watu wa kule hawasemani hivyo. Alipopeleka ombi lake kwenye kamati ya nyumba, kwamba anataka kung'oa jiko la mawe la sauna yake ili chumba hicho kiwe karakana ya kazi za mikono na papo hapo ofisi ya nyumbani, Urho, mwenyekiti wa kamati, alilisoma kimya, akavua miwani, akaivaa tena, akasema sheria haikatazi. Kutoka kwa Urho hilo lilikuwa tusi zito. Aulikki alilipokea kama pongezi.

Sauna yenyewe ilikuwa nyuma ya bafu lao, chumba cha kujifukiza, kidogo kiasi kwamba watu wawili wakikaa humo magoti yao hayana siri. Mbao kuanzia chini hadi darini, benchi la chini, benchi la juu, jiko pembeni, dirisha hakuna. Mtu mwingine angeona mahali pa kutolea jasho. Aulikki aliona maisha yake mapya.

Maono hayo aliyapata kwenye simu. Kuna msichana mmoja wa Malmö, mwenye meno mazuri na muda mwingi, aliyechukua stoo ya chini ya ngazi, akaipaka rangi nyeupe, akatundika taa ndogondogo, na sasa umati wa watu unamtazama akipanga mikasi. Neno lake ni moja tu: kila kitu kiwe na kwao. Aulikki alimtazama majira yote ya baridi ya mwaka uliotangulia akiwa amejilaza kwenye kochi, na kila alipozima simu alijisikia amechoka, kama mtu aliyetoka kufanya kazi.

Mtu atauliza kwa nini hakuchukua chumba cha binti yao, aliyekwisha kuolewa na kuhamia Turku. Hakikuwa na nafasi. Kilikuwa na mashine ya kukimbilia, ya mwaka ule Aulikki alipotaka kupungua, gurudumu la ufinyanzi la mwaka alipotaka kuwa msanii, na mashine ya kuoka mkate iliyooka mkate mmoja, mgumu, ulioliwa na ndege. Vitu hivyo navyo vilikuwa na kwao, na kwao kulikuwa humo. Ikabaki sauna.

Mumewe, Kyösti, alikuwa fundi wa lifti aliyekaribia kustaafu. Alikuwa mtu mpole na mtiifu kupita kiasi. Maisha yake yote alikuwa akifunga vibao ndani ya lifti, watu wanne tu, usiruke, usiegemee mlango, na kwa kuwa alijua kila kibao kina sababu yake, hakuwahi kukiuka hata kimoja. Kwenye taa nyekundu alisimama hata kama barabara haina gari wala mbwa. Kuzungumza hakukuwa kazi yake. Nyumbani alitumia maneno matatu, ndiyo, hapana na kahawa, na wiki nyingine mawili yalimtosha.

Isipokuwa Jumamosi. Jumamosi jioni Kyösti aliwasha jiko, wakapanda wote wawili benchi la juu, na mvuke ulipoanza kuwachoma masikio, maneno yakamtoka. Mle ndani ndimo alimomwomba Aulikki amuoe, maana yeye alishindwa kusema atamuoa. Mle ndimo alimomweleza kwamba mama yake amefariki, siku mbili baada ya kupigiwa simu, kwa sababu simu ilikuja Alhamisi. Mle ndimo alimolia mara moja, akasema ni jasho, na Aulikki akakubali kuwa ni jasho. Alipohitaji muda wa kufikiri alichukua upawa, akachota maji, akayamwagia mawe, na yale mawe yakipiga mlio, yeye alitafuta neno. Ndoa nzima ya miaka thelathini ilikuwa imezungumzwa humo, bila nguo, kwenye joto la kuivisha yai.

Hilo Aulikki hakulifikiria hata kidogo, ingawa yeye ni mtu wa kufikiria mabaya kabla hayajatokea. Ndiyo kazi yake. Alifanya kazi katika kampuni ya bima, dawati la moto wa majumbani, na kila majira ya baridi aliwaandikia kwa masikitiko watu waliogeuza sauna zao kuwa kabati la nguo, wakasahau jiko bado lina umeme, mtu akagusa swichi, na majoho ya marehemu bibi yakateketea. Yeye si mjinga kama wale. Alileta fundi umeme mwenye cheti, jiko likakatwa waya, na cheti kikapewa jalada lake.

Kyösti alikuwa ameambiwa Jumamosi ya mwisho, juu ya benchi. Aliuliza tu kama kweli anakihitaji hicho chumba. Aulikki akasema anakihitaji kuliko anavyoweza kueleza. Kyösti akamwagia mawe maji, na mjadala ukafungwa. Waya zilipokwisha kukatwa, akalibeba jiko peke yake mpaka kwenye gari, mawe akayatia kwenye ndoo, akaenda navyo Rautalampi, kwenye nyumba ya marehemu mama yake kando ya ziwa. Alirudi jioni, akasema kahawa. Aulikki alikuwa akipima rafu na hakumuuliza chochote.

Hapo karakana ikaanza kujengwa, na haki ya mtu apewe, ilipendeza. Benchi la juu likawa meza, la chini likawa kiti. Ukuta mzima ulijaa makopo ya kioo: kopo la nyuzi nyekundu, kopo la nyuzi nyekundu zilizokoza kidogo, kopo la shanga, kopo la lebo za kubandika kwenye makopo, na juu kabisa, chini ya taa yake mwenyewe, kopo la vifungo, lililokuwa fahari ya nyumba. Pale jiko lilipokuwa aliweka kigari cha utepe. Kwenye mikutano ya kazi, wenzake walipomwona kwenye skrini na rangi zote zile nyuma yake, walimsifu, na msimamizi wao, kijana anayefanya kazi kwenye meza ya jikoni huku watoto wakimpanda, alikiri kwa sauti kwamba anamwonea wivu. Aulikki alinyanyua mabega kwa unyenyekevu uliofanyiwa mazoezi.

Kilichotengenezwa humo ni swali jingine. Kulikuwa na soksi moja ya sufu, ya Kyösti, aliyoifuma kwa furaha ya wiki ya kwanza. Ya pili ilianzwa. Lakini mtu hawezi kufuma wakati kopo la sindano haliko sawa, na kopo la sindano likiwekwa sawa, la mikasi linaonekana limepinda, na ukishayapanga yote inabidi uyapige picha, na ukishayapiga picha unagundua kuna rangi haipo, nayo inauzwa Tampere. Soksi ya pili ilikaa kwenye kikapu, imefika kisiginoni, ikingoja siku yenye nafasi.

Kazi moja tu ilikamilika kabisa, nayo ni kibao cha mlangoni. Msichana wa Malmö alikuwa na cha kwake. Aulikki alikata ubao, akaupiga msasa, akachora maua pembeni, akaandika kwa herufi za kupendeza: TAFADHALI USISUMBUE, KAZI YA MIKONO INAENDELEA. Akakibandika mlangoni kwa gundi ya seremala, nyingi, maana hakutaka kije kikaanguka.

Kyösti alikisoma kikiwa bado kibichi. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi anavyoitikia mbele ya kazi ya fundi mwenzake.

Yeye sasa alijifukiza chini, kwenye sauna ya jengo, kando ya chumba cha baiskeli. Sauna hiyo ina zamu zake. Wanawake ni Ijumaa, wanaume ni Jumamosi, na zamu za mume na mke hazipatikani mpaka mtu afe au ahame. Kyösti alishuka kila Jumamosi na taulo begani, akapanda baada ya muda mrefu, mwekundu, ametulia, akaenda kulala. Aulikki alifurahi kwamba mzee amepata wenzake. Alimaliza majira ya baridi bila kugundua kwamba mumewe hajamwambia sentensi nzima tangu theluji ya kwanza. Yeye alidhani wanapatana.

Habari alizipata kwenye mapipa ya taka. Alikuwa anatenganisha zake, karatasi huku, chupa kule, alipotokea Tellervo, mke wa Urho, na mfuko wa maganda ya viazi. Tellervo ana sura ya huruma hata anapokuwa na furaha, na siku hiyo alikuwa na furaha nyingi.

"Mwenzangu, tutawakosa jamani," alisema. "Au ni yeye tu anayehama?"

Aulikki akauliza nani anahama, kisha, kwa kuwa hataki kuonekana hajui mambo ya nyumba yake, akajibu mwenyewe kwamba aah, hilo, bado wanalifikiria.

"Ahaa. Maana Urho anasema mzee wako ameshafunga mpaka jiko la sauna kule Rautalampi. Mwezi wa tano akistaafu tu, huyo. Wanaume waliliongea sana chini huko. Walijiuliza kama na wewe utakwenda, wakaona hapana, wewe una chumba chako." Tellervo akadondosha maganda yake polepole, asipoteze hata dakika ya uso wa mwenzake. "Nikamwambia Urho, bwana we, yule mama hawezi kuviacha vitu vyake vile."

Aulikki alitupa chupa kwenye pipa la karatasi. Wote wawili waliisikia ikianguka. Katika jengo lile jambo hilo ni zito kuliko kuhama, na Tellervo aliondoka bila kuaga, akiwa na habari ya pili ya kupeleka.

Roho ilimuuma. Alipanda ngazi akiwa anasema peke yake. Mumewe wa miaka thelathini anamwacha, na jengo zima limekaa uchi limejadili, limefikia uamuzi, na yeye anaambiwa kwenye maganda ya viazi! Alimkuta Kyösti sebuleni anatazama mashindano ya kuteleza kwenye theluji. Akamuuliza kama kuna habari yoyote. Kyösti akafikiri, akasema hapana. Akamuuliza tena, hakuna hata kidogo? Kyösti akafikiri zaidi, akasema kahawa imeisha.

Angeweza kumuuliza waziwazi. Lakini alikuwa na kiburi chake, na alitaka aambiwe, si aombe kuambiwa. Wiki nzima akamtegea. Alimpikia supu ya samaki ya mama mkwe, Kyösti akala mara mbili, akaosha sahani. Alimpeleka kwa gari mpaka ziwani, wakatazama barafu, wakarudi. Alikaa naye bafuni akipiga mswaki. Maneno yalikuwemo, aliyaona yanapanda kooni kwa Kyösti na kushuka tena, kama lifti iliyokosa umeme ghorofa ya pili, lakini baridi ya nyumba iliyafunga.

Jumamosi ilipofika akakata shauri. Kyösti alishuka na taulo lake, na muda mfupi baadaye Aulikki naye akashuka. Kwenye mlango wa sauna kulikuwa na tangazo la zamu ya wanaume. Akalisoma, akasukuma mlango, akaingia.

Humo walikuwamo Kyösti, Urho, na mzee Veijo wa ghorofa ya kwanza, ambaye alikuwa amekaa kwenye kona ile tangu jengo lijengwe. Wote watatu walimtazama kwa hofu. Hawakuogopa kwamba ni mwanamke, maana wanawake wameshawaona. Waliogopa kwa sababu amevaa suruali, sweta la sufu na viatu, ndani ya sauna, mbele ya jiko. Jambo la namna hiyo halijawahi kutokea.

"Funga mlango, mama," alisema mzee Veijo. "Mvuke unatoka."

Akaufunga. Akapanda benchi la juu, wakasogea kumpa nafasi, miwani yake ikaingia ukungu asione mtu hata mmoja. Afadhali, maana maneno yalikuwa rahisi zaidi hivyo.

"Kyösti, ni kweli unahamia Rautalampi?"

Maji yalimwagwa, mawe yakalia.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia? Nikute nyumba tupu?"

"Nilikuja kukuambia."

"Lini?"

"Mara nyingi tu. Nilikuja hadi mlangoni. Nilitaka kukuuliza kama utakuja." Akamwagia mawe maji tena. "Mlango una kibao."

Aulikki hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa, na jasho lililomtoka wakati huo halikuwa la jiko. Alimwona mumewe, na soksi yake moja, amesimama bafuni mbele ya mlango wa karakana jioni baada ya jioni, maneno yako tayari mdomoni, anasoma maua na herufi zake za kupendeza, anageuka, anakwenda kulala.

"Jamani, Kyösti, yale ni mapambo tu."

"Hayakuandikwa kuwa ni mapambo," alisema mzee Veijo.

Urho akakubali, kwa sauti ya mwenyekiti, kwamba tangazo ni tangazo.  Sweta la Aulikki lilikuwa limeanza kunuka kondoo.

"Na ile soksi ya pili," aliuliza mzee Veijo, kwa heshima zote, "imefika wapi?"

"Kisiginoni," akajibu Kyösti kwa niaba ya mkewe, na kwenye sauti yake hakukuwa na lawama yoyote. Hilo ndilo lililomwinua Aulikki akatoka.

Alipanda mpaka nyumbani huku akitiririka, akakivamia kibao. Alijaribu kwa kisu cha siagi. Alijaribu kwa mikasi mitatu ya aina tofauti, kila mmoja kutoka kwao. Alifungua seti ya patasi aliyoinunua zamani na ambayo haikuwahi kutoka kwenye karatasi yake, akaipinda moja. Kibao hakikutikisika. Kumbe mikono yake inaweza kazi ikitaka. Mwisho akaukumbatia mlango wenyewe, akaunyanyua kutoka kwenye bawaba kama alivyomwona Kyösti akifanya siku za kupaka rangi, akautoa nje na kuuegemeza kwenye ukuta wa ujia. Akaketi ndani, sweta limelowa, akangoja.

Kyösti alikuja na taulo shingoni. Aliuona mlango. Akasimama, akasoma kibao, na kwa kuwa sasa kilikuwa ujiani, hakujua tena ni mahali gani pasipotakiwa kusumbuliwa. Akavua ndala zake, akazishika mkononi, akaanza kupita kwa ncha za vidole.

"Ingia, Kyösti."

Akachungulia, akaingia. Aulikki alisogeza kompyuta, akatoa vikapu, akafuta nafasi kwenye benchi la juu, wakapanda wote wawili, magoti yakagusana, na kwa mara ya kwanza humo walikuwa na nguo. Kyösti alitazama huku na huku. Tangu kibao kibandikwe hakuwa ameingia.

"Baridi humu," alisema.

 Hata Aulikki alijua kwamba neno la kwanza likitoka, halichokonolewi.

"Jiko nimelifunga kule. Linawaka vizuri. Asubuhi unaona ziwa ukiwa umekaa." Akameza mate. "Niliwaambia wale kwamba pengine utakuja. Wao ndio waliosema hapana. Nyumba ina nafasi ya watu wawili."

Furaha ilimpanda Aulikki mpaka machoni. Hakuwa ameachwa. Alikuwa anaombwa, na safari hii hakuna aliyesingizia jasho. Akamshika mkono mzee wake, mkono mpana, wa moto bado.

"Makopo hayaingii," akamaliza Kyösti.

Aulikki akainua macho ukutani. Makopo yalimeta chini ya taa zao, mekundu, mekundu yaliyokoza, kila moja na jina lake. Huyu hapa ni mumewe, na yale ni makopo, na ni aibu kusema kwamba alifikiri, tena kwa muda. Kyösti alingoja kwa subira ileile aliyokuwa akisimama nayo mlangoni.

"Hata la vifungo?" aliuliza Aulikki.

 Kyösti akanyoosha mkono pembeni, pale jiko lilipokuwa, kuutafuta upawa wa maji, akashika utepe wa waridi.